Sifuri ya Baba Mkwe

Barafu niliyokuwa nikibeba ilinuka sangara, na sikuona sababu ya kuomba radhi. Niliinunua Lamadi kwa wafanyabiashara wa samaki, mabonge makubwa yaliyokwisha kulala na samaki sanduku moja. Niliyafunga kwenye magunia yenye pumba za pamba, nikayapandisha kwenye pikipiki hadi Bariadi. Pumba za pamba huzuia joto. Hilo nililijua tangu nilipokuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kabla sijakichoka kama nilivyoichoka shule, na duka la vipuri, na ukondakta, na uvuvi wa dagaa. Nyumbani kwetu Zagayu wanasema nina miguu ya mbwa. Mimi nasema nina maswali. Kila swali lina mahali pake, nami hukaa hapo mpaka lijibiwe, kisha nahama.

Swali lililonifikisha kwenye maabara ile lilikuwa dogo: watu hawa wanataka barafu nyingi hivi ya nini?

Walikuwa wawili tu, wametoka chuo kikuu kimoja cha mbali. Mmoja alikuwa mama wa makamo, mtafiti wa ubongo, ambaye watu wote walimwita Daktari ingawa kila siku alieleza kwamba hatibu mtu wala hana dawa. Mwingine alikuwa kijana mpole wa kompyuta aliyekuwa akimsaidia. Walikodi ghala lililokuwa la mbegu za pamba, karibu na malori yanapopanga foleni msimu wa kuuza, wakapaka chokaa, wakaweka meza, kiti kimoja kizuri na jenereta ndogo ya siku umeme ukikatika.

"Wanasomea maumivu," aliniambia fundi baiskeli wa jirani. "Mtu wanampa nauli na soda, halafu wanamuumiza."

"Wanamuumiza kwa nini?"

"Nenda kaulize. Wewe si ndiyo kazi yako?"

Nikaenda. Jioni ile nilitoka na kazi ya kuleta barafu, na baada ya siku chache nikawa pia mkalimani, kwa sababu Daktari hakujua Kisukuma hata cha kuombea maji.

Utafiti wao ulikwenda hivi. Mtu anakaa kwenye kile kiti. Kijana wa kompyuta anamvisha kofia ya nyuzi yenye vipande vidogo vya sponji vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Kila kipande kina waya mwembamba, na nyaya zote zinaingia kwenye kisanduku. Kwenye kompyuta inatokea mistari mingi inayotetemeka, kama mwandiko wa mtu anayeandika ndani ya gari kwenye barabara mbovu. Ndiyo umeme wa ubongo. Kisha mtu anatumbukiza mkono kwenye beseni la maji ya barafu. Akishindwa, anautoa. Kila baada ya kitambo Daktari anamwuliza: kuanzia sifuri hadi kumi, unaumia kiasi gani? Sifuri maana yake huumii kabisa. Kumi ni maumivu ambayo huwezi kufikiria makubwa zaidi yake. Palikuwa na kikomo pia. Muda ukifika, Daktari mwenyewe anautoa mkono wako ili usidhurike.

Niliomba kujaribiwa kabla ya wengine. Nilitoa mkono mapema, nikasema saba, na sikuona haya. Mtu aliyehamahama hujifunza kusema panapomuuma, maana kila anakofika hakuna anayemjua kiasi cha kumkisia.

Walipoanza kuja watu wa vijijini, wale watafiti wawili walifanya kosa la adabu. Waliweka benchi la kusubiria ndani ya chumba kilekile, ili wageni wasipigwe na jua. Ni jambo jema popote. Lakini siku hiyo waliitwa vijana wachungaji wa ng'ombe kutoka kijiji cha Nkololo, wanaojuana tangu utotoni, wanaoshindana kwa kila kitu, kuanzia kucheza ngoma hadi kunywa uji wa moto. Wa kwanza alitumbukiza mkono. Benchi likaamka.

"Toa, mama yako anakuita!"

"Mwacheni, huyo ameshaganda. Kesho atauzwa Lamadi pamoja na sangara wenzake."

"Unaumia kiasi gani?" Daktari aliuliza.

"Sifuri," kijana alisema, machozi yakimshuka hadi kidevuni.

Wa pili akasema sifuri. Wa tatu akatangaza kwamba yeye yuko chini ya sifuri, hivyo Daktari atafute namba. Siku nzima hakuna mkono uliotoka wenyewe kwenye beseni. Yote ilitolewa na Daktari. Jioni aliketi juu ya gunia langu la barafu, akasahau kwamba linalowa.

"Kwa mujibu wa utafiti wangu," alisema, "Nkololo hakuna maumivu."

Kesho yake benchi lilihamia nje, chini ya bati, na mlango ukafungwa. Walikuja wachungaji wengine wa sampuli ileile. Sasa namba zikatembea: nne, sita, saba. Jitu moja lenye kovu la mundu begani lilisema tisa, kisha likaniomba kwa Kisukuma nisije nikalitangaza huko nje. Nilimwambia Daktari ombi hilo, akacheka, halafu akautazama mlango.

Nilipenda kumwuliza maswali tukisafisha zile sponji. Nilimwuliza maumivu yanakaa chumba gani cha ubongo. Akasema hayana chumba. Sehemu nyingi za ubongo zinaitana na kuamua pamoja kwamba mwili uko hatarini, na uamuzi huo ndio maumivu. Nikamwuliza, je, zinaweza kuitana bure? Akasema zinaweza. Mtu akiumia, kidonda kikapona, ubongo unaweza kubaki macho, ukapiga kelele kwa jambo dogo, hata pasipo jambo.

"Kumbe ni mwano," nilisema.

Hakulijua neno hilo. Nikamweleza. Kwetu ng'ombe wakiibwa mtu anapiga yowe la mwano, na kila mwanamume anayelisikia anatoka mbio na silaha, kijiji kwa kijiji. Lakini kijiji kilichokwisha kuibiwa vibaya huwa hakilali sawasawa tena. Fisi akigusa uzio, mtu anapiga mwano, na wote wanakimbia gizani, kumbe hakuna mwizi.

"Na wakirudi wamechoka?" aliuliza.

"Hoi."

"Basi ni hivyohivyo. Mwizi hayupo, lakini mbio zilikuwa za kweli."

Nililishika neno hilo kwa mikono miwili, kwa sababu dada yangu alikuwa ameolewa Nkololo na alikuwa karibu kufukuzwa.

Misimu miwili nyuma alianguka kutoka juu ya mkokoteni wa ng'ombe uliojaa pamba. Akaumia mgongo. Alilala, akakandwa, akapelekwa hospitali, picha ikaonyesha mifupa mizima. Watu walifurahi. Ila mgongo haukufurahi. Siku moja anapalilia tangu alfajiri kama zamani, kesho yake kabla jua halijapanda yuko chini kwenye mkeka, anatazama ukuta. Hicho ndicho kilichowaudhi watu zaidi. Angekuwa mgonjwa kila siku wangemzoea. Baba mkwe wake, mzee mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, aliuita ugonjwa unaojua msimu wa pamba.

Mzee alikuwa na ushahidi wake, na aliurudia kila nilipofika pale. Kila asubuhi dada alikwenda kumwamkia, akapiga magoti kama inavyompasa mke wa mwana. Mzee alimwuliza ameamkaje. Dada alijibu, "Salama, baba." Saa chache baadaye amelala.

"Simsingizii," mzee alisema. "Kinywa chake mwenyewe kinasema ni mzima."

Mumewe, shemeji yangu, alikuwa mtu mwema ambaye mbele ya baba yake alichora tu mistari chini kwa kijiti. Mzee alikwisha kuamua: pamba ikiuzwa, dada arudi kwetu Zagayu, na ng'ombe wa mahari warudi Nkololo. Watoto wangebaki. Kwetu watoto hukaa kwa waliotoa ng'ombe, na mdogo kabisa kati yao alikuwa ndiyo kwanza ameacha kushika kuta anapotembea.

Nilimkuta dada nyuma ya jiko, anaanika michembe. Viazi vile vilivyokatwa vilikuwa vyeupe juu ya jiwe kama meno.

"Usiende kuwaombea wanihurumie," alisema bila kugeuka. "Huruma inaisha. Nataka waamini tu, nibaki na wanangu."

"Mimi nina mashine," nilisema.

Akageuka. "Una nini?"

Nilikwenda zizini, mzee alikokuwa akitazama maziwa yakikamuliwa. Nilimwambia habari za kofia, za umeme wa ubongo, za mistari. Alinisikiliza zaidi ya nilivyotegemea. Mzee huyu hakuwa mjinga. Alikuwa mtu anayependa kuona.

"Sasa hiyo kofia," alisema, "inaona ndani ya kichwa?"

"Inaona, baba."

"Akiwa anasema uongo itaona? Akiwa anaumwa itaona?"

"Itaona."

"Sawa. Ikiona, atakaa, na mimi sitafungua kinywa tena. Isipoona, anaondoka bila kungoja pamba iuzwe. Na wewe mzururaji usije tena hapa kunifundisha mambo ya mjini." Akawaita wazee wawili wa rika lake waliokuwa wameketi kwenye gogo. "Mmesikia?"

Walisikia. Nilirudi Bariadi nikiimba kwenye pikipiki.

Daktari alipokuwa akinisikiliza aliweka kikombe cha chai chini taratibu, kama mtu anayeogopa kukivunja.

"Kaka, umeahidi nini?"

Akanivuta mbele ya kompyuta. Akanionyesha mistari ya mtu mmoja, halafu ya mwingine. Mtu akikonyeza macho, inaruka. Akiuma meno, inachafuka yote. Wao walikusanya watu wengi na kulinganisha, ndipo wakaona kitu kidogo. Mtu mmoja peke yake, maumivu ya mgongo ya misimu miwili, hakuna mstari wake pale. Hakuna mashine duniani, alisema, inayoweza kumkana mtu anayesema anaumia, wala ya kumthibitisha.

"Sasa nyie mnajuaje kama mtu anaumia?"

"Tunamwuliza."

"Mnamwuliza tu? Na kofia yote hii?"

"Tunamwuliza, na tunaamini anachosema. Kofia inatusaidia kuelewa maumivu yanavyotokea. Kama yanatokea, huyo mwenyewe ndiye anajua."

Nilitazama ile kofia iliyokuwa ikikaukia kwenye msumari, nikaiona kama wavu uliotoka ziwani mtupu.

"Daktari, kwani ni neno moja tu. Mwambie mzee imeona. Wewe ndiye msomi, nani atakupinga?"

"Siwezi."

"Dada atanyang'anywa wanawe."

"Nimekusikia. Lakini nikisema uongo mmoja hapa, hii kofia inakuwa ramli. Na wapiga ramli mnao tayari, hamkuhitaji nitoke mbali hivyo." Akakichukua tena kikombe chake. "Walete. Mzee na dada yako. Sitawaingiza kwenye utafiti, waje kama wageni wangu. Nitamwambia mzee ukweli wote."

"Ukweli huohuo ndio utakaomfukuza dada."

"Labda," alisema. Hakunidanganya hata hapo.

Siku hiyo nilileta barafu nyingi kuliko kawaida, sijui kwa nini. Mzee alikuja na koti lake jeusi na kofia ya pama, pamoja na wale wazee wawili kama mashahidi. Dada alifika na pikipiki nyingine, akakaa pembeni barazani kwenye kigunia, maana hawezi kuketi benchi moja na baba mkwe. Nilimwona anavyojipanga kukaa: mkono mmoja ukutani, kisha goti, kisha kiuno kikifuata polepole.

Ndani, Daktari aliamkia kwa Kisukuma nilichomfundisha, na wazee wakafurahi kwamba amekosea. Kisha akaeleza. Nilitafsiri kila neno, sikuficha hata moja. Kwamba mashine haiwezi kuona maumivu ya mtu mmoja. Kwamba mimi niliahidi kisichokuwepo.

Mzee alinitazama. Hakukasirika. Alikuwa ametosheka, na hilo lilinitisha zaidi.

"Basi kumekucha," alisema na kuinuka. "Mmesikia, wenzangu? Haioni. Twendeni."

Nilikwisha kushindwa na sikuwa na kitu mkononi ila lile beseni. Nikalisogeza.

"Baba, umevaa koti, umetoka Nkololo, na utarudi bila kujaribu? Vijana wako wote wamepita hapa."

"Nijaribu maji?"

"Anaogopa maji ya samaki," alisema shahidi mmoja, mzee mwenye meno mawili ya mbele, akimwambia mwenzake kwa sauti ya kutosha.

"Mkono wake ni wa kuhesabia ng'ombe," mwenzake alisema. "Baridi ikiuingia atapotea hesabu."

Mzee alivua koti. Alivua na pama, akavishwa kofia ya nyuzi, na maji ya chumvi yakamtiririka hadi shingoni. Mashahidi walicheka hadi wakashikana. Kijana wa kompyuta hakutaka kucheka, ikambidi akohoe. Mzee alitumbukiza mkono kama anayeuweka juu ya paja lake.

"Unaumia kiasi gani?" Daktari aliuliza.

"Sifuri."

Muda ukapita. Mshipa ulisimama kwenye paji la uso wake.

"Na sasa?"

"Sifuri. Mwambie aache kuniuliza."

Mistari kwenye kompyuta ilikuwa imechafuka kama kiota. Kikomo kilipofika Daktari alimtoa mkono, mwekundu, vidole vimekunjamana. Mashahidi wakapiga makofi.

"Inasema nini?" mzee aliuliza akinyoosha kidevu kwenye kioo.

"Inasema unauma meno, mzee, na unakonyeza macho."

"Inasema nimeumia?"

"Hiyo haisemi. Wewe umesema sifuri, na mimi nimepokea sifuri."

"Basi." Akawageukia wenzake. "Mmeona mtu? Sasa huyo wa nje aende kufungasha."

Wazee wawili walitoka kwenda kutafuta chai na chapati kwa mama ntilie wa kule barabarani, wakigombana nani angevumilia zaidi. Mlango ulifungwa nyuma yao. Mzee hakuweza kuwafuata, kwa sababu kofia ile haivuliwi kwa kuivuta. Lazima iachiwe kipande kwa kipande, kutoka nyuma kuja mbele. Daktari alisimama nyuma yake akifanya hivyo kwa utulivu. Mimi nilishika taulo. Mkono wake mwekundu ulikuwa chini ya kwapa la pili, amejikumbatia.

"Mzee, sasa tuko wenyewe," Daktari alisema, kwa sauti aliyowasemea wote tangu benchi lihamie nje. "Mkono unaendeleaje?"

Nilitafsiri. Mzee alitazama mlango. Akautazama tena.

"Ule ubaridi," alisema, "unaingia kwenye mfupa."

"Kiasi gani?"

"Nane." Akavuta pumzi. "Mpaka sasa ni nane. Hayo si maji, ni nyuki."

"Kwa nini ulisema sifuri?"

Akageuza kichwa amwone vizuri, kofia ikining'inia sikio moja, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hatembei uchi.

"Mbele ya wale?"

Daktari aliendelea kuachia sponji. Yeye ni mtu wa kungoja. Mimi siyo, na safari hii namshukuru Mungu kwa kuumbwa hivi.

"Baba," nilisema, "asubuhi dada akikupigia magoti, ukimwuliza ameamkaje, anajibu mbele ya nani?"

Nje lori moja lilikuwa likirudi nyuma kuingia kwenye foleni, utingo wake akipiga bodi kwa kiganja. Mzee alitazama beseni. Barafu ilikuwa imebaki vipande vidogo vinavyogongana, na chumba kizima kilinuka ziwa.

Mke wa mwana atamwambia nini baba mkwe? Kwamba kiuno kinamuuma? Kiuno? Hata neno lenyewe halipiti kinywani mbele yake. Ni salama, baba, hata kama nyumba inaungua. Mzee alilijua hilo kuliko mimi, kwa sababu ni yeye angemshangaa wa kwanza kama dada angejibu vingine. Misimu miwili alikuwa akimhukumu kwa jibu ambalo yeye mwenyewe asingekubali libadilike.

Haya yote hakuyasema. Alifutwa kichwa, akavaa pama, akavaa koti, akafunga vifungo kwa mkono mmoja kwa sababu ule mwingine ulikuwa bado hausikii amri. Mlangoni akasimama.

"Huyu mama," aliniambia, akimaanisha Daktari, "amwulize. Mimi nitakuwa mbali."

Alivuka barabara, akakaa juu ya robota la magunia matupu, akatugeuzia mgongo na kutazama malori. Alipotugeuzia mgongo nilielewa kwamba hakuwa amempa dada nafasi ya kusema tu. Alikuwa amempa pia nafasi ya kutoonekana akisema.

Dada aliingia. Nilitaka kubaki nitafsiri, naye akaniambia kwa Kiswahili kizuri kabisa, "Toka, kaka. Kiswahili ninacho."

Basi nikatoka. Kijana wa kompyuta naye alitolewa. Tulikaa kwenye benchi lile la wachungaji, tukasikia sauti ya dada kupitia mlangoni, si maneno, sauti tu, chini na bila kusita. Alisema kwa muda mrefu. Sikujua dada yangu ana maneno mengi kiasi kile.

Walipotoka, Daktari alivuka barabara peke yake, akachuchumaa kando ya mzee na kumwambia jambo. Kwa Kiswahili, polepole. Aliniambia baadaye kwamba dada ndiye aliyemruhusu kutaja namba yake na si zaidi. Mzee aliitikia kwa kichwa, akapangusa pua, akanyanyuka. Wale mashahidi walirudi na mafuta ya chapati midomoni.

"Twende tukamfungashe?" mmoja aliuliza.

"Fungasha wewe," mzee alisema. "Mambo ya nyumbani kwangu hayatafunwi pamoja na chapati."

"Na maneno tuliyoshuhudia?"

"Mashine haikuona. Mimi nimesikia."

Akamwambia dada, bila kumtazama usoni kama inavyostahili, kwamba jua linakuwa kali, atangulie na pikipiki, watoto wasije wakamaliza maziwa.

Mpaka leo sijui Daktari alimwambia namba gani. Nimeuliza bei ya meli, nimewauliza mapadri kuhusu jehanamu, nimemwuliza mpasuaji wa hospitali kama ini linateleza. Hilo sijamwuliza mtu. Namba ile ni ya dada.

Mgongo wake haukupona kwa muujiza. Daktari alimtafutia mtaalamu wa mazoezi hospitalini, akafundishwa kunyoosha mwili na kupumzika kabla ya maumivu kuja badala ya kungoja yamwangushe. Siku mbaya zimepungua, hazijaisha. Msimu ule pamba iliuzwa, na uliofuata pia, na dada yuko Nkololo. Mtoto yule aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha kuta sasa anakimbizana na ndama. Watafiti walimaliza kazi yao wakarudi chuoni, wakaniachia beseni. Mimi nilihama kwenda kujifunza kuchomelea vyuma.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona dada nililala pale, nikaamka mapema. Kwenye mlango wa jiko kuna kinu cha mtama. Siku zote mchi wake huegemezwa ukutani. Asubuhi ile ulikuwa umelazwa chini, kando ya kinu. Nikainama niuinue, kwa kuwa mchi hauwekwi chini, unaingia mchanga. Dada akaniambia kutoka ndani, "Uache hapohapo."

Nikauacha. Mzee akatoka nyumbani kwake kwenda zizini. Njia yake hupita mbele ya jiko, na hapo ndipo dada humpigia magoti kila siku. Alifika mahali njia inapoanza kukunja, akatupia jicho mchi, akageuka. Akazunguka zizi lote kwa nyuma, kwenye samadi na matope, mpaka akawa upande wa pili wa boma, ambako hatukumwona tena ila pama yake juu ya miiba.

"Mwangaluka, mayu!" aliamkia kutoka huko, akimwita mama kwa Kisukuma. "Umeamkaje?"

"Salama, baba!" dada alijibu. Alikuwa amesimama, ameshika mwimo wa mlango; ilikuwa moja ya zile siku mbaya. Huwezi kumpigia magoti mtu usiyemwona.

Nilimfuata mzee kule nyuma. Viatu vyake vilikuwa vimezama.

"Baba, mbona unapita huku kwenye matope?"

"Kuna ng'ombe mmoja anachechemea. Nilitaka nimwangalie."

"Yupi?"

"Wewe na maswali yako."

Akafungua lango. Nilisimama nikawatazama ng'ombe wakitoka mmoja mmoja, wote, mpaka ndama wa mwisho. Walikuwa wakitembea vizuri.